Tangazo la Ijumaa

Kila Ijumaa naandika kwa mkono habari za shule zetu sita
za upande huu wa Kadutu, kisha, umeme ukipenda, nazitoa kopi:
karo ya muhula wa pili, mwisho tarehe kumi na tano;
darasa la tano B limepata paa;
mwenye mwavuli wa kijani aje auchukue, una siku arobaini hapa.
Chini kabisa pana sehemu iitwayo Nidhamu.
Miaka kumi na mmoja nimeijaza kwa maneno mawili:
Hali shwari.

Wiki hii kalamu imegoma.

Mvua ya Jumatatu iliiacha Cimpunda ikiteleza kama sabuni.
Mugisho wa darasa la saba hupanda mlima ule pekupeku,
viatu ndani ya mfuko mweusi, mfuko kwapani.
Akifika bombani huosha miguu, kidole kwa kidole,
ndipo huvaa, ndipo huwa mwanafunzi.
Wenzake humwita Tope.
Mama yake alimpa jina la baraka;
darasani jina hilo hutajwa mara moja tu, wakati wa mahudhurio,
na hata hapo hakosi mtu wa kukohoa.

Jumanne, saa moja na nusu. Mistari imenyooka,
prefe ameinua kidevu, wimbo wa taifa umeanza,
kamba ikavutwa,
na badala ya bendera ikapanda jozi ya viatu,
ikizunguka, ikigongana visigino,
juu, juu zaidi, hadi ncha ya mlingoti.

Uwanja mzima ulicheka.
Prefe alipangusa pua kwa leso
muda mrefu kuliko mafua yanavyodai.
Mimi nilikuwa dirishani na kikombe changu.
Sitasema kwamba kwanza niliona huruma.
Kwanza nilicheka, chai ikanipalia.

Mugisho hakulia. Alisimama juu ya changarawe,
nyayo zake safi kabisa,
akatazama juu kama mtu aliyesikia ndege lakini haioni.
Aliyetoka mstarini ni Ntakwinja, yule mwenye kigugumizi,
ambaye wakichoka na Tope humrudia yeye.
Hakuhutubu; angewezaje.
Alifungua kamba, akaishusha taratibu
kama anayemshusha mgongoni mtoto aliyelala.

Prefe ameniambia: andika hali shwari,
wakubwa wa jimbo wasije wakatuuliza.
Ni utoto tu, amesema. Sisi tulipitia makubwa zaidi.
Kweli tulipitia.
Na wengine wetu ndio tuliowapitisha wenzetu humo.

Maana mama yake Mugisho namjua.
Nsimire, benchi la mbele,
gauni lake limeshonwa kutoka pazia la sebuleni.
Nilimwita Pazia.
Niliandika kwa mkaa, ukutani kwao, herufi kubwa, nzuri,
mwalimu alikuwa akinisifia mwandiko.
Baada ya Pasaka hakurudi shule. Sikuuliza.
Mwaka ule pia, nadhani, kuna mtu aliandika hali shwari.

Jioni amekuja kumchukua mwanawe,
mikono inanuka sambaza za sokoni.
Nampa karatasi ya kwanza, wino haujakauka.
Anasoma kwa kidole:
karo, paa, mwavuli,
mpaka chini.

Nidhamu. Jumanne viatu vya mtoto vilipandishwa mlingotini.
Huitwa jina lisilo lake, na si siku hiyo tu.
Watu wazima walikuwepo. Walicheka.
Anayeandika haya alicheka.
Jumatatu wazazi wote waje. Sisi pia tutakuja.

Kidole kinakaa hapo. Kimeingia wino.
"Mwandiko wako," anasema, "haujabadilika."
Anaikunja karatasi mara nne,
anaifunga kwenye pindo la kitenge, panapokaa pesa,
halafu ananiuliza, kama anayeulizia bei,
Jumatatu ni saa ngapi.